Volti Zilizopotea kwenye Pikapu ya Mikate

Fundi Pima alikuwa na mita tatu za kupimia umeme. Ya kwanza ilikuwa ya kazi. Ya pili ilikuwa ya kuhakikisha kwamba ya kwanza haisemi uongo. Ya tatu aliinunua siku ambayo mbili za mwanzo zilitofautiana, apate wa kuamua ugomvi. Watu wa mtaani walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini gari likiwashinda mafundi wengine wote wa umeme, lilivutwa kwa kamba mpaka mlangoni kwake. Jina la Pima hakupewa na wazazi, lilitokana na neno lake la kila siku. Ukimwambia betri ni nzima, anasema, "Nitapima." Ukimwambia nje kuna mvua, anasema, "Nitapima," halafu anatoa mkono dirishani.

Msaidizi hakuwa naye. Aliowahi kuwa nao waliondoka mmoja mmoja, maana nani ataweza kufanya kazi na mtu anayehesabu skrubu kabla ya kwenda kula na kuzihesabu tena akirudi? Mkewe alikuwa akisema amemzalia watoto wanne na bado anaangaliwa kama mgeni aliyeingia kuomba maji.

Ugonjwa huu hakuzaliwa nao. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alifanya kazi kwenye gereji moja kubwa, na siku moja stata mpya ya kuwashia lori ikapotea. Bosi hakuuliza mara mbili. Alimwita mbele ya watu wote, akamvua ovaroli palepale, akamwambia asikanyage tena hapo. Mwezi mmoja baadaye stata ilionekana chini ya meza ya kazi, nyuma ya ndoo ya oili chafu, na hakuna aliyekwenda kumwita. Mtu mwingine angejifunza hapo kutomhukumu mwenzake haraka. Yeye alijifunza kwamba duniani kuna wanaoshuku na wanaoshukiwa, akachagua upande wake na kuhamia huko moja kwa moja.

Kazi yake lakini ilikuwa safi, hilo hata adui zake walilikubali. Akiunga waya, anazisokota ncha mbili, anazilehemu kwa risasi, anazungusha tepu nyeusi, kisha mwisho wa tepu anaufunga kwa uzi mwekundu wa cherehani, mafundo mawili. Tepu ikipata joto huachia, uzi hauachii. Uzi wenyewe aliurithi kwa mama yake mshonaji, aliyeacha boksi zima la rangi hiyo ambayo wateja hawakuitaka. Alijivunia kwamba kila fundi ana mkono wake, na kwamba yeye akifungua gari lolote atakuambia ni mkono wa nani umepita humo.

Basi siku hiyo saa tano asubuhi akaitwa na dada yake mkubwa.

Dada mtu alikuwa na tanuri la mikate, na mikate ilisambazwa madukani kwa pikapu kuukuu iliyoachwa na marehemu mumewe. Ilikuwa imekula chumvi nyingi ile gari. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kuuinua kwanza, na mpira wa kioo cha mbele ulivujisha mvua kwenye magoti ya abiria. Dereva wake alikuwa mmoja kwa miaka kumi na mbili, mwanaume mrefu, mpole, aliyeitwa Taratibu kwa sababu hakuwahi kuikimbiza. Alisema mikate haipendi haraka.

Fundi alimkuta dada yake amesimama uani katikati ya trei za mikate iliyoshushwa garini, unga mpaka kwenye nyusi.

"Imekataa kuwaka tena," dada akasema. "Mzigo ulikuwa umeshapakiwa, maduka yanasubiri, na yenyewe inasema tik, tik, tik. Betri tatu, mdogo wangu. Tatu, ndani ya mwaka mmoja! Na balbu sijui ngapi. Sasa niambie, betri zinaliwa au zinauzwa?"

"Ufunguo anashika nani?"

"Unajua anayeushika."

"Basi kikulacho ki nguoni mwako, Dada."

Dada akafuta mikono kwenye aproni, akarudia kuifuta ingawa ilikuwa mikavu.

"Watu wameniambia," akasema kwa sauti ya chini. "Kwamba anapewa betri mpya, anaiuza, ananirudishia mzoga. Mimi sikutaka kusikia. Huyu ndiye aliyembeba mume wangu mgongoni siku ile alipozidiwa mpaka hospitali. Lakini betri tatu! Sikiliza. Saa kumi nazima tanuri. Saa kumi nataka jibu moja kutoka kwako, siyo mawili. Kama ni yeye, leo leo anaondoka. Kama siye, nisisikie tena mtu analitaja jina lake. Wewe ukisema, mimi nimeamini."

Ni wachache duniani waliowahi kumwambia Fundi Pima neno hilo, na lilimpendeza kuliko alivyoonyesha.

Taratibu alikuwa amekaa kwenye magunia matupu kando ya ukuta, anagongomelea trei iliyolegea. Alisimama fundi alipofika kwenye gari.

"Habari za kazi, Fundi."

"Bado sijaianza."

"Nilitaka kukuambia mambo matatu. Betri hii inakunywa maji sana, kila wiki naiongezea. Halafu inatoa harufu kama ya yai bovu. Na taa zimekuwa nyeupe mno siku hizi, zinang'aa kupita kiasi kisha zinaungua."

Fundi alimtazama. Hakuulizwa, na bado anajieleza. Mwizi ndiye wa kwanza kupiga kelele za mwizi, akawaza, na akaona ni ajabu mtu wa maneno machache vile kuwa na maneno mengi leo.

"Nitapima," akasema. "Wewe kaa hapo ninapokuona."

Taratibu akakaa.

Jambo la kwanza halikuhitaji mita. Miezi mitatu nyuma, betri hii ilipofungwa ikiwa mpya, Fundi alikuwa amekwaruza alama kwa msumari chini ya kitako chake, mistari miwili na nukta, bila kumwambia mtu. Hata dada yake hakumwambia. Sasa aliifungua, akaichomoa, akaigeuza ubavu huku akiitazama kama anayepekua mfuko wa mtu. Mistari miwili na nukta. Betri ilikuwa ileile.

Ungedhani angefurahi. Alinuna. Alama ikiwa ileile, basi betri haikuuzwa, na kama haikuuzwa imekufaje? Akaangalia vyumba vyake vya maji: vitatu kati ya sita vilikuwa vikavu. Anasema anaongeza maji kila wiki! Akaandika hilo kichwani chini ya jina la Taratibu.

Alifunga betri nyingine aliyokuja nayo, nzima na ya kuaminika kadiri kitu chochote kilivyoweza kuaminika kwake, akawasha injini. Ikanguruma. Akagusisha ncha za mita kwenye vichwa vya betri, akamwambia Taratibu akanyage mafuta kidogo.

Gari nzima inapaswa kusoma volti kumi na nne na kidogo. Mita ikasoma kumi na tano nukta tisa.

Akatoa mita ya pili. Kumi na tano nukta tisa. Akaitoa ya tatu, ile ya kuamua ugomvi, lakini safari hii hapakuwa na ugomvi. Akamrudisha Taratibu kwenye magunia.

Sasa jambo likawa wazi, na lilikuwa wazi kwa namna isiyompendeza. Betri hazikuwa zinauzwa wala kuibwa. Zilikuwa zinachemshwa. Alteneta, ile mashine inayozalisha umeme injini ikiwaka, ilizisukumia umeme kupita kiasi, maji yakachemka na kuisha hata yakiongezwa, yakatoa harufu ya yai bovu, na balbu zikang'aa mno kisha zikaungua. Kila alichosema yule mtu kwenye magunia kilikuwa kweli.

Mtu wa kawaida angesema hapo, pole ndugu yangu. Fundi Pima alisema moyoni, basi kuna aliyeichezea gari hii. Gari haiamki siku moja ikaamua kujipikia betri. Na ufunguo anashika nani?

Kwenye pikapu za zamani kama ile, anayeiambia alteneta "ongeza" au "inatosha" ni kiboksi kidogo kinachokaa ukutani karibu na injini. Mafundi wanakiita regyuleta. Alikibadilisha, akafunga kingine alichokijua. Kumi na tano nukta tisa. Akapima njia ya ethi, ile ya umeme kurudi, kutoka kwenye bodi ya kile kiboksi mpaka kwenye hasi ya betri: sifuri tupu, hakuna kinachopotea hapo. Akatoa fyuzi, akaikagua kwenye mwanga: safi. Kisha akapima waya unaoingia kwenye kiboksi, ule unaokiletea habari za betri kupitia swichi ya ufunguo.

Kumi na nne nukta mbili.

Akaduwaa na ncha ya mita mkononi. Betri ina kumi na tano nukta tisa, lakini kiboksi kinaletewa habari kwamba kuna kumi na nne nukta mbili tu. Kwa hiyo chenyewe hakina kosa. Kinatekeleza kinachoambiwa. Kinaambiwa betri ina njaa, kinaagiza chakula kiongezwe, na betri inavimbiwa mpaka inakufa. Volti moja na nukta saba zilikuwa zinapotea mahali fulani njiani.

"Volti hazipotei," akasema kwa sauti, ili asikike mpaka kwenye magunia. "Zinachukuliwa."

Taratibu aliacha kugongomelea. "Unasema, Fundi?"

"Nasema kaa hapohapo."

Saa nane ikapita, saa tisa ikabisha hodi. Fundi aliufuata waya ule shubiri kwa shubiri kama askari anayefuata nyayo. Upande wa injini, sawa. Kwenye swichi ya ufunguo, kumi na tano nukta nane. Kwa hiyo wizi uko katikati, ndani ya gari, kati ya swichi na ukuta wa injini. Alilala chali sakafuni mwa pikapu, miguu nje, tochi kinywani, akafungua kisanduku cha mbele ya abiria na kukivuta kitoke chote. Kifurushi cha nyaya kikaonekana. Na pale, kwenye waya wenyewe hasa, palikuwa na kiungo kilichozungushiwa tepu nyeusi. Kiwanda hakiungi hivyo. Kutoka kwenye kiungo uliondoka waya mwembamba wa ziada, ukapenya nyuma ya chuma, gizani.

Moyo wake ulidunda. Nakiri kwamba ulidunda kwa furaha. Alitoa tochi kinywani.

"Taratibu! Njoo hapa! Njoo unieleze hiki ni nini!"

Dereva akaja taratibu, kama jina lake, akachuchumaa mlangoni. Fundi alikwishaingiza vidole viwili nyuma ya chuma, akauvuta ule waya mwembamba, na mwisho wake kikatoka kitu cha ukubwa wa kiberiti, chenye kioo cheusi na tarakimu ndogo nyeupe. Ilikuwa saa ya kuhesabu muda ambao injini imewaka, mfano wa zile zinazokaa kwenye majenereta. Akaigeuza. Akaurudia ule mzunguko wa tepu kwa tochi, karibu zaidi, atazame ni mkono wa nani.

Mwisho wa tepu ulikuwa umefungwa kwa uzi. Vumbi lilikuwa limeufubaza, lakini alipoufuta kwa dole gumba ulirudi kuwa mwekundu. Mafundo mawili.

Ulikuwa mkono wake mwenyewe.

Miaka minane. Ilikuwa mwezi uleule shemeji yake alipofariki. Gari ilibaki mikononi mwa dereva peke yake, na Fundi hakupata usingizi: mjane, gari, na mwanaume mwenye ufunguo! Siku moja Taratibu alipokwenda kunywa chai, yeye aliingia humu kama mwizi, akaunga ile saa, ili ajue kama injini inawaka muda mrefu kuliko safari za mikate. Hakulehemu. Kiungo pekee maishani mwake ambacho hakukilehemu, kwa sababu harufu ya risasi iliyoyeyuka ingebaki ndani na kumsaliti. Alisokota tu kwa vidole, haraka haraka, akazungusha tepu. Lakini vidole vina mazoea yake, vikafunga na uzi. Miezi mitatu alikuwa akija kwa kisingizio cha kuangalia taa za breki, anasoma tarakimu. Masaa yalilingana na mikate, siku zote. Akachoka, akaona aibu kidogo, magari mengine yakaja, akasahau. Mvua iliyovuja kwenye kioo cha mbele ikaingia ndani ya msokoto ule, mwaka baada ya mwaka, shaba ikageuka kijani, na umeme ukaanza kupita kwa tabu.

"Hiyo," Taratibu akasema kwa upole, "niliiona wiki ileile uliyoiweka. Kisanduku kilikuwa hakifungi vizuri."

Fundi aliinuka nusu, akagonga kichwa kwenye dashibodi. "Uliiona? Miaka minane? Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Ningeitoa, ungesema naficha ushahidi. Ningekuuliza, ungesema nina la kuogopa. Nikaona bora niiache inihesabu." Akaigusa ile saa kwa kidole. "Mwaka wa tatu ilisimama. Nilitaka nikuambie imeharibika, nikashindwa. Nilikuonea aibu."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa nafuu.

Mlango wa chuma wa tanuri ukalia. Saa kumi. Dada alikuja akivuta kilemba chake, akasimama mbele ya pikapu, akawatazama wote wawili wamechuchumaa kwenye mlango mmoja.

"Haya, mdogo wangu. Jibu."

Kabla Fundi hajafungua mdomo, Taratibu akasema, "Ni waya, Mama. Umezeeka tu. Fundi ameupata."

Na hata hapo, jamani, hata hapo, kitu cha kwanza kilichopita kichwani mwa Fundi Pima kilikuwa, huyu ananifunika ili nimlipe nini kesho? Alimtazama usoni kuitafuta hila. Aliona uso wa mtu aliyekaa kwenye magunia tangu asubuhi akijua anapimwa. Alikumbuka ovaroli ikivuliwa mbele ya watu, kifungo cha juu kikikatika. Ile stata angalau ilijificha yenyewe. Hii aliificha yeye.

"Waya haukuzeeka, Dada," akasema. "Nimeuharibu mimi."

Akaeleza yote, palepale, amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari, ile saa ndogo imelala kiganjani. Hakuruka kitu. Alieleza mpaka alama ya msumari chini ya betri. Dada alisikiliza bila kumkatiza, na dada yule hakuwa mtu wa kutokatiza.

"Mwezi uleule?" akauliza mwishowe.

"Mwezi uleule."

"Mwezi ule huyu alikuwa anasambaza mikate, akirudi ananichotea maji, kwa sababu mimi nilikuwa siwezi hata kusimama. Na wewe ulikuwa unamfungia saa." Akageuka kwa dereva. "Na mimi leo asubuhi nilikuwa nimeshapanga maneno ya kukufukuza. Nilishayapanga, Taratibu. Nisamehe."

"Yameisha, Mama."

"Hayajaisha. Bado unaitaka kazi hii?"

Taratibu alitazama trei za mikate iliyoshushwa. "Ya kesho ataipeleka nani?" Halafu akamgeukia Fundi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mdomo wake ukacheza kidogo upande mmoja. "Ila safari hii ulehemu, Fundi. Harufu ya risasi nitaivumilia."

Fundi akalehemu. Alikata sehemu yote iliyooza, akaweka waya mpya, akauunganisha kama alivyofundishwa, na Taratibu akamshikia tochi bila kuombwa. Walipowasha injini, mita ikasoma kumi na nne nukta tatu kwenye betri, na karibu hivyohivyo kwenye kiboksi. Mara hii alipima mara moja tu.

Dada alikuwa bado amesimama pale. Alimtazama mdogo wake kutoka kichwani mpaka kwenye viatu, kwa jicho ambalo Fundi alilijua vizuri, kwa kuwa lilikuwa lake.

"Na kwangu?" akauliza. "Dukani, ofisini, chumbani kwangu. Nyaya zote umefunga wewe. Umeweka nini?"

"Hakuna, Dada. Naapa. Hakuna kitu."

"Nitapima," dada akasema.

Alimnyang'anya Taratibu tochi, akaingia ndani. Wakamsikia anavuta droo, anaifunga, anavuta nyingine, anasogeza kabati. Fundi Pima alijua kwamba hakuna chochote humo ndani. Aliinama akaendelea kufunga mwisho wa tepu kwa uzi mwekundu, fundo la kwanza, kisha la pili, huku akisikiliza dada yake akitafuta, na hakuwa na neno hata moja ambalo angelisema akaaminiwa.